Ubaridi wa gari ukikatika Ras Kamboni, tafuta umeme kabla ya kununua gesi

RAS KAMBONI. Dereva anayebeba mzigo kati ya Kismayo na mpaka wa Kenya hulitambua tatizo kabla abiria hawajalisema. Upepo wa kiyoyozi unaanza kuwa vuguvugu, halafu unakuwa wa moto. Vioo vinashushwa, vumbi linaingia pamoja na hewa ya chumvi, na boksi la dawa lililowekwa mbele ili lipate ubaridi linaanza kupata joto. Kama nyuma kuna friji ya samaki inayozungushwa na injini ya gari, hasara imeshaanza kuhesabika.

Penye kituo cha kwanza boneti inafunguliwa na jibu linatolewa papo hapo: gesi imekwisha. Gesi inajazwa. Ubaridi unarudi siku mbili, au haurudi kabisa. Fundi wa pili anajaza tena. Wa tatu anasema kompresa imekufa, na hapo mfanyabiashara anatakiwa kununua kifaa cha bei kubwa kuliko vyote katika mfumo mzima. Baadaye inagundulika kwamba kilichoharibika ni fyuzi, au waya ulioliwa na chumvi.

Mjini, kosa la namna hiyo humgharimu mtu pesa na siku moja. Ras Kamboni linagharimu zaidi. Mji huu mdogo wa wilaya ya Badhaadhe, Jubaland, uko kwenye ncha ya mwisho ya kusini mwa Somalia. Ng'ambo ya mpaka ni Ishakani na Kiunga, katika Kaunti ya Lamu. Karakana zenye vipuri ziko Kismayo kwa upande mmoja, na Lamu, Malindi na Mombasa kwa upande mwingine. Njia ya nchi kavu pande zote mbili ina vizuizi na hatari za usalama, na shehena nyingi hupita baharini kwa sababu hiyo. Gari likilala hapa kwa kukosea ugonjwa, kamba wakubwa na samaki waliovuliwa visiwani Chula, Chovai na Koyama hawalisubiri lipone.

Ndiyo maana kwa mfanyabiashara wa mpakani, kujua jinsi ya kupima umeme wa kiyoyozi ni sehemu ya kulinda mtaji. Si lazima apime mwenyewe. Inatosha ajue maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kutoa pesa.

Gesi inafanya kazi, umeme unatoa amri

Mfumo wa ubaridi wa gari unategemea mambo mawili. Gesi, ambayo kwenye magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 ni ile iitwayo R-134a, huzunguka ndani ya mabomba, ikachukua joto ndani ya gari na kulitoa mbele kwenye kondensa, karibu na radieta. Kinachoisukuma ni kompresa, na kompresa huzungushwa na mkanda wa injini.

Lakini kompresa haizunguki mpaka iamriwe. Mbele yake kuna klachi yenye koili ya sumaku. Umeme ukifika kwenye koili, sumaku inavuta bamba la mbele na kompresa inaanza kazi. Umeme usipofika, puli inazunguka bure na hewa inabaki ya moto, hata kama gesi imejaa.

Kabla ya kufika kwenye koili hiyo, umeme hupita njia ndefu: fyuzi, swichi ya dashibodi, sensa ya ubaridi, swichi ya presha iliyo kwenye bomba, kompyuta ya gari, na rilei, yaani kile kijisanduku kinachowasha mkondo mkubwa kwa amri ya mkondo mdogo. Kituo kimoja kikikatika, vyote vinasimama. Friji nyingi ndogo za pikapu za samaki zinazotumia injini ya gari zina klachi, rilei na swichi za presha za namna hiyohiyo, kwa hiyo kipimo ni kilekile.

Pwani huzidisha tatizo. Hewa yenye chumvi huingia kwenye plagi za nyaya na kuacha kutu ya kijani juu ya shaba. Gari linalopanda boti au kupita kwenye maji ya kupwa na kujaa huathirika zaidi. Kutu hiyo huenda isikate umeme kabisa. Inaubana tu, na koili inayohitaji volti 12 inapata tisa, ikashindwa kuvuta bamba. Mwenye gari anaona kiyoyozi kinafanya kazi asubuhi na kugoma mchana, na fundi mwenye haraka anaona gesi pungufu.

Dalili zinavyosema

Kabla ya kushika kifaa chochote, dereva anaweza kupata nusu ya jibu kwa kuangalia tatizo linatokea wakati gani.

Ubaridi ukiwa mzuri gari likienda, lakini ukapotea gari likisimama kwenye kizuizi au foleni ya forodha, mshukiwa wa kwanza ni feni ya kondensa. Mwendo ulikuwa unaleta upepo. Gari likisimama, hakuna kinachopoza kondensa, presha inapanda, na swichi ya presha inakata kompresa ili mabomba yasipasuke. Hapo kuongeza gesi kunaizidisha presha.

Upepo ukitoka kwenye namba ya juu kabisa tu, na namba ndogo zote zikawa kimya, kilichoungua kwa kawaida ni rezista ya feni ya ndani. Hicho ni kipuri kidogo ambacho mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha glavu, na hakihusiani na gesi.

Ubaridi ukiwa mkali kwa saa nzima, kisha upepo ukapungua hadi kuwa hafifu, huenda evaporeta iliyo ndani ya dashibodi imeganda barafu kwa sababu sensa yake inadanganya. Zima kiyoyozi, acha feni iendelee kwa robo saa. Maji mengi yakidondoka chini ya gari na upepo ukarudi, jibu limepatikana.

Ikisikika sauti ya tak-tak nyuma ya dashibodi, au upande mmoja ukiwa wa baridi na mwingine wa moto, tatizo liko kwenye mota ndogo zinazofungua na kufunga milango ya hewa. Kompresa haina hatia.

Kipimo cha nusu saa

Vifaa vinavyohitajika ni viwili: mita ya umeme na geji ya presha. Mita ya kawaida kwa bei ni nafuu kuliko kujaza gesi mara moja.

Kwanza, washa injini, weka kiyoyozi kwenye baridi ya mwisho na utazame kompresa. Lazima isikike sauti moja ya klachi kushika, na bamba la mbele lizunguke pamoja na puli. Likizunguka, klachi na umeme wake havina shida kubwa. Likisimama huku puli ikizunguka, endelea.

Pili, tazama fyuzi. Katika Toyota nyingi za mitumba kutoka Japani, fyuzi ya feni ya ndani imeandikwa HTR au HEATER, na watu huiruka wakidhani ni ya joto la majira ya baridi. Fyuzi ya A/C na rilei ya klachi, ambayo mara nyingi huandikwa MG CLT, nazo zipo kwenye visanduku hivyo. Rilei hupimwa kwa kuibadilisha na nyingine iliyo sawa nayo kwa miguu na maandishi, kwa mfano ya honi. Kiyoyozi kikiwaka, kilichoharibika ni rilei. Fyuzi ikiungua usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Fyuzi huungua kwa sababu fulani, na sababu hiyo ikiachwa itateketeza nyaya au gari.

Tatu, pima volti kwenye plagi ya klachi huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Ukipata volti 12 hadi 14 na bamba halivutwi, zima injini na upime koili yenyewe. Ukinzani wake kwenye magari mengi ni kati ya ohm 3 na 5. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili imekatika. Koili ikiwa nzima, tazama nafasi kati ya bamba na puli, ambayo katika modeli nyingi haitakiwi kuzidi nusu milimita kwa mbali. Nafasi ikipanuka kwa uchakavu, klachi hushika gari likiwa baridi na kukataa likipata joto. Klachi na koili zinaweza kubadilishwa peke yake bila kununua kompresa nzima.

Nne, pima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kompresa nyingi zina waya mmoja tu, na umeme unarudi kupitia mwili wa kompresa na injini. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri na ncha nyekundu kwenye mwili wa kompresa, klachi ikiwa imewashwa. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, njia ya kurudi imebanwa na kutu. Fungua boliti, piga msasa, kaza tena na upake grisi. Katika ukanda huu wa chumvi, kipimo hiki hakifai kurukwa.

Tano, kama volti haifiki kabisa kwenye klachi, sasa ndipo geji ya presha inapoingia. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa na hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, mfumo wa R-134a wenye gesi husoma takribani psi 97, sawa na bar 6.7. Namba hiyo haikuambii gesi ni kiasi gani, bali inakuambia kwamba ipo. Geji ikiwa karibu na sifuri, swichi ya presha imekata umeme kwa haki: gesi imevuja, na tundu litafutwe na kuzibwa kabla ya kujaza. Geji ikiwa sawa na umeme haupiti, basi swichi yenyewe au plagi yake ndiyo mgonjwa.

Kuna jambo moja ambalo mfanyabiashara asilikubali: fundi kuunganisha nyaya za swichi ya presha moja kwa moja na kumwambia aendelee na safari. Mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Kompresa ikilazimishwa kuzunguka bila gesi ya kutosha, itajisaga, na vumbi la chuma litaenea kwenye mabomba yote.

Magari yenye kiyoyozi cha kujiendesha

Magari yenye kiyoyozi kinachojipangia joto chenyewe yana kompyuta inayotunza kumbukumbu ya hitilafu. Katika Toyota nyingi za aina hiyo, mtu hubonyeza kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, akavishikilia huku akifungua swichi ya gari. Taa zitawaka na kuzima mara kadhaa, kisha zitatokea namba.

Namba 00 maana yake hakuna hitilafu iliyoandikwa. Kwa kawaida 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya joto la nje, 13 ya evaporeta, 22 ni mzunguko wa kompresa, 23 ni presha, na 31 au 41 ni mlango wa kuchanganya hewa. Namba 21 ni sensa ya jua, na hiyo imeshawafanya watu wengi kununua sensa bila sababu: gari likipimwa kivulini au ndani ya karakana, namba hiyo hujitokeza hata kama sensa ni nzima. Gari litolewe juani, lipimwe tena.

Namba inataja njia yenye shida, na shida inaweza kuwa kwenye waya au plagi badala ya kifaa. Kwa hiyo sensa ipimwe kabla ya kununuliwa nyingine. Sensa ya joto la nje ya Toyota nyingi husoma ohm 1,700 hivi kwenye nyuzi 25, na ukinzani hushuka joto linapopanda. Ishike mkononi ipate joto: namba isiposogea, sensa imekufa. Nyaya za kompyuta zipimwe kwa mita, si kwa taa ya testa, maana taa huvuta mkondo mkubwa kuliko zinavyostahimili. Plagi za rangi ya njano zisiguswe, kwa kuwa kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya kuokoa abiria.

Hatari ya gesi ya kubahatisha

Kujaza gesi ovyo kuna hatari kubwa kuliko kupoteza pesa. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka na kuua mafundi huko Vietnam na Brazil. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye R-134a bandia iliyochanganywa na R-40, kemikali inayoshambulia alumini na kuacha kitu kinachowaka kikikutana na hewa. Kompresa nyingi za magari zina alumini. Wapo pia wanaojaza gesi ya kupikia, ambayo ikivuja ndani ya gari lililofungwa vioo inangoja cheche moja tu.

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa kiasi. Mtungi ukae kivulini saa kadhaa, kisha upimwe kwa geji. Kwenye nyuzi 30 R-134a safi husoma psi 97 hivi. Ukisoma mbali na hapo, usinunue. Ukisoma hapohapo, bado si uthibitisho kamili, kwa sababu mchanganyiko wa kughushi unaweza kuiga presha. Muuzaji anayejulikana na mtungi wenye lakiri nzima bado vinahitajika.

Gesi hii pia itaendelea kubanwa. Tani moja ya R-134a ikiachiwa hewani hupasha dunia joto takribani mara 1,400 ya tani moja ya hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi za Mkataba wa Montreal zilikubaliana kupunguza hatua kwa hatua matumizi ya gesi za kundi hilo. Anayeimwaga leo kwa kukisia anapoteza bidhaa ambayo haitakuwa rahisi kupatikana kesho.

Kipuri na mpaka

Ugonjwa ukishajulikana, linabaki swali la kipuri. Hapa siasa ya mpaka inaingia kwenye boneti. Kenya ilifunga rasmi mpaka wake na Somalia mwaka 2011. Mei 2023 serikali hizo mbili zilitangaza kuvifungua vituo vitatu kwa awamu, cha Kiunga na Ras Kamboni kikiwa cha mwisho katika orodha, ndani ya siku 90. Julai mwaka huohuo Kenya iliahirisha mpango huo kufuatia mashambulizi katika ardhi yake. Desemba 2024 majeshi ya serikali ya shirikisho ya Somalia na ya Jubaland yalipigana Ras Kamboni kwenyewe, na baadhi ya askari wakavuka kuingia Kenya.

Katikati ya hayo, Somalia ilikubaliwa Novemba 2023 kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Machi 2024 ikakamilisha uanachama wake. Wafanyabiashara wengi wamesikia kuhusu utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo, unaohusu shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Ni vyema ieleweke kwamba utaratibu huo ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Samaki waliovuliwa na wenyeji wana hoja ya kuingia humo. Rilei ya Japani iliyonunuliwa Dubai haimo, hata ikipitia Mombasa. Anayebeba vipuri kwa ajili ya kuuza ajiandae kwa ushuru wa kawaida na aweke risiti.

Kwa gari lake mwenyewe, mfanyabiashara anaweza kupunguza utegemezi huo. Seti ya fyuzi, rilei mbili, rezista ya feni ya modeli yake, plagi chache, msasa, grisi na mita vinaenea kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Pamoja navyo aweke daftari: tarehe gesi ilipojazwa, kiasi, presha iliyosomwa na kilichobadilishwa. Karatasi iliyobandikwa chini ya boneti inaonyesha kiasi cha gesi ambacho gari linahitaji, na fundi anayejaza bila kuisoma wala kupima uzito anakisia.

Daftari hilo lina faida nyingine. Gari linalovuka kutoka kwa fundi wa Kismayo hadi kwa fundi wa Lamu halibebi kumbukumbu ya maneno. Fundi wa pili akiona kwamba gesi ilijazwa wiki tatu zilizopita na presha iko sawa, hatakuwa na sababu ya kuuza gesi tena. Itambidi achukue mita na aanze na fyuzi.